Unahakikije dai la mtu mkubwa? Kuanzia kulichagua mpaka kuandika jibu

Watu wengi wakisikia mhakiki wa habari, yaani anayekagua kama yaliyosemwa hadharani ni kweli, wanapata picha ya mtu kakaa mbele ya kompyuta anasaka Google mpaka macho yanamuwasha, alafu mwishoni anagonga muhuri mwekundu UONGO anaenda kulala. Kusaka ndo sehemu nyepesi jamani. Mi kwenye hii kazi karibu nusu ya muda wangu unaishia kabla sijafungua hata ukurasa mmoja, tunabishana tu, hili dai tulibebe au tuliache, na tukilibeba, hivi huyu mheshimiwa kasema nini hasa? Ukikosea hapo unaweza kutafuta wiki nzima ukaja na jibu zuri sana la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo nitakaa sana huko mwanzoni, mnivumilie. Ujanja wa picha na video upo huko chini, anayeutaka haraka ashuke moja kwa moja.

Likamate kabla halijafutwa

Dai linaweza kutoka popote, hotuba ya jukwaani, bungeni, mahojiano ya redio, posti ya mwanasiasa ya usiku wa manane, meseji iliyofowadiwa kwenye grupu la WhatsApp ambayo hata aliyekutumia hajui imetoka wapi. Ukikutana na kitu kinakutia shaka, kabla hujafanya chochote kihifadhi. Skrinshoti peke yake haitoshi maana mtu atakwambia umeitengeneza, na kweli skrinshoti inatengenezwa kwa dakika mbili. Nenda Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za mtandaoni, weka ile linki, ihifadhi, itakupa anwani yenye tarehe na saa ambayo haiko mikononi mwako wala mwa aliyeposti. Ukurasa ukigoma kuhifadhiwa huko jaribu archive.today. Video ishushe kabisa uwe nayo. Kama ni redio au TV, andika kituo, kipindi, siku, na dakika ya ngapi kayasema hayo maneno. Mambo ya dakika utayaona ya kijinga mpaka siku msemaji wake atakapokana kwamba bosi hajawahi kutamka kitu kama hicho.

Jiulize kama kinapimika

Hapa madai mengi yanafia. "Serikali hii ni mbovu kuliko zote" hayo ni maoni, mtu ana haki nayo, huna rula ya kupimia ubovu. "Serikali hii imekopa kuliko zote zilizotangulia" hapo sasa tunaongea, kuna vitabu vya hesabu, kuna ripoti za benki kuu, kuna takwimu za Benki ya Dunia. Utabiri nao uache, mtu akisema uchumi utapaa mwaka kesho huwezi kumwita mwongo leo, ingawa unaweza kukagua zile namba alizoegemea. Ahadi ziweke kwenye daftari lake, zinafuatiliwa baadaye kama imetimia au haijatimia, hiyo ni kazi ya aina nyingine.

Yanayopimika kwa kawaida ni haya: namba, tukio lililokwisha kutokea, sheria inasemaje, fulani alisema nini, na ulinganisho wa aina ya "sisi ni wa kwanza" au "hakuna nchi nyingine yenye". Hayo ya mwisho nayapenda sana, maana mtu akishasema hakuna nchi nyingine duniani, we unahitaji nchi moja tu na kazi imeisha.

Utani, kejeli na matusi, pita hivi.

Kinachopimika sio lazima kibebwe

Kwa siku moja ya kampeni unaweza kukusanya madai thelathini yanayopimika na una nguvu ya kufanya mawili. Unachaguaje? Kila timu ina utaratibu wake ila maswali yanafanana. Aliyesema ana uzito gani? Wangapi wamesikia? Watu wakiamini kitatokea nini, watakunywa dawa ya uongo, watachoma nyumba ya mtu, wataacha kwenda kupiga kura, au watacheka tu? Na je, watu wenyewe wanauliza? Timu nyingi zina namba ya WhatsApp ya kupokea maswali, na meseji ileile ikiingia mara kumi kwa siku kutoka kwa watu wasiojuana hiyo ni dalili kwamba imeshasambaa kuliko unavyodhani.

Kuna mtego hapa. Uzushi ulioonwa na watu arobaini, ukiuandikia makala utaonwa na watu elfu arobaini, maana yake umeupa kipaza sauti mwenyewe. Kama ni mdogo na hauna madhara makubwa mi nauweka pembeni, nautazama kila siku, ukianza kupanda ndo naamka.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu huuoni. Unajikuta kila wiki unakagua upande mmoja tu, labda kwa sababu wanaongea zaidi, labda kwa sababu huwapendi, na utajitetea kwamba ni bahati mbaya. Weka orodha. Mwisho wa mwezi hesabu umekagua chama gani mara ngapi, na kwenye hayo ni mangapi uliyachagua ukiwa tayari unajua jibu. Mtandao wa kimataifa wa wahakiki, IFCN, ulianzishwa 2015 chini ya taasisi ya Poynter ya Marekani, na kanuni zake tano ambazo wanachama wanasaini ya kwanza kabisa ni kutopendelea upande, zinafuata uwazi wa vyanzo, uwazi wa pesa zinatoka wapi, uwazi wa njia uliyotumia, na kusahihisha makosa hadharani. Ile ya kwanza haisemi ukague pande zote idadi sawa kwa sawa, mtu anayedanganya mara kumi atakaguliwa zaidi ya anayedanganya mara moja. Inachotaka ni kipimo kilekile kwa wote.

Na usichague tu unayonusa ni ya uongo. Chagua unayotamani kujua. Dai likitoka kuwa kweli, liandike hivyo hivyo kwamba ni kweli, wasomaji ndo wataanza kukuamini hapo.

Kata dai liwe sentensi moja

Hapa ndo moyo wa kazi. Tuseme mpinzani kapanda jukwaani kasema "ajali zimeongezeka kwa asilimia 300 tangu huyu waziri aingie ofisini". Watu wanapiga makofi, klipu inazunguka, we unaitwa uhakiki. Kabla hujakimbilia takwimu chukua karatasi.

Ajali zipi? Zote zilizoripotiwa polisi au zile zilizoua? Au kamaanisha idadi ya waliokufa, ambayo ni kitu kingine kabisa kwa sababu ajali moja ya basi inaweza kuua wengi na ajali ishirini za pikipiki zisiue hata mmoja. Tangu aingie, aliingia lini? Kama aliingia Septemba na jamaa analinganisha miezi minne ya mwaka ule na miezi kumi na mbili ya mwaka huu basi hata mimi ningepata ongezeko la kutisha. Alafu hiyo asilimia 300 yenyewe. Kuongezeka kwa asilimia 300 ni kuwa mara nne, zilikuwa 100 sasa ziko 400, wakati watu wengi wakisema 300 wanamaanisha mara tatu, ambayo ni ongezeko la asilimia 200. Na chini ya yote kuna dai limejificha ambalo hakulitamka, kwamba waziri ndo kasababisha. Hayo ni madai mawili, la namba na la sababu, na yanahakikiwa mbali mbali, unaweza kukuta namba ni sawa kabisa na sababu haina mguu wa kusimamia.

Kwa hiyo andika: dai ni hili, kipimo ni hiki, kipindi ni kuanzia lini mpaka lini, chanzo kinachopaswa kuwa na hii namba ni fulani. Alafu andika kitu ambacho wengi wanakiruka, ni matokeo gani yatanifanya niseme kweli na yapi yatanifanya niseme uongo. Andika kabla hujaona data. Ukisubiri uone data kwanza utajikuta unahamisha goli bila kujua, akiwa mtu unayemkubali asilimia 280 itakuwa "karibu na ukweli", akiwa usiyempenda hiyohiyo 280 inakuwa "katia chumvi".

Angalia kama mwenzio kashamaliza

Hii ni dakika tano tu. Google wana chombo kinaitwa Fact Check Explorer, unaandika maneno ya dai kinakuletea kazi za wahakiki mbalimbali duniani. Uzushi unazunguka nchi na nchi kama nguo ya mtumba, unabadilishwa jina la rais tu. Ukikuta Africa Check, ambao wapo tangu 2012, au Chequeado wa Argentina wa tangu 2010, au Full Fact wa Uingereza wameshaifanya, soma wametumia vyanzo gani uvifuate mwenyewe mpaka mwisho. Usinakili hukumu yao.

Muulize aliyesema

Mzigo wa ushahidi uko kwa aliyetoa dai. Piga simu, tuma meseji, tuma imeili, uliza kwa adabu: mheshimiwa, hii namba umeitoa wapi? Usimwambie umegundua kadanganya, hujagundua chochote bado. Mpe muda wa kueleweka, na andika siku na saa uliyomtafuta. Mara nyingine jibu linakushangaza, anakutumia ripoti ambayo usingeiona kamwe na unakuta yuko sahihi. Mara nyingi anakaa kimya, na ukimya sio ushahidi wa uongo, unauandika tu kwamba tulimtafuta hakujibu mpaka tunachapisha.

Fuata maji mpaka kwenye chemchemi

Kosa ninaloliona kila siku kwa wanaoanza ni kuhesabu vyanzo. Anakuja na furaha, kaka nimepata tovuti nane zote zinasema hivyo! Unazifungua unakuta saba zimenakili moja, na hiyo moja imenakili posti ya Facebook. Hapo una chanzo kimoja kibovu kilichovaa mashati nane. Kazi yako ni kupanda juu kuuliza kila mmoja, we uliipata wapi, mpaka ufike kwa mtu aliyehesabu, aliyeshuhudia, au aliyesaini. Kama ni namba za idadi ya watu nenda ofisi ya takwimu ya nchi husika, kama ni ugonjwa nenda wizara au Shirika la Afya Duniani, kama ni sheria soma sheria yenyewe iliyochapishwa kwenye gazeti la serikali, na hakikisha ni sheria sio muswada, nimeona watu wamegombana wiki nzima mtandaoni kuhusu kifungu cha muswada ambacho bunge lilishakifuta.

Ukikutana na tovuti usiyoijua, usikae ndani yake kusoma ukurasa wa "kuhusu sisi". Toka. Chuo Kikuu cha Stanford walifanya utafiti uliotoka 2017, wakawaweka wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo wakague tovuti. Wasomi na wanafunzi walikaa humohumo wanaangalia nembo na jinsi ukurasa ulivyopangwa, wengi wakaingia mkenge. Wahakiki waliondoka baada ya muda mfupi tu wakafungua kurasa nyingine pembeni kuuliza dunia inasema nini kuhusu hawa watu, wakamaliza haraka na kwa usahihi zaidi. Tovuti ya tapeli inaweza kuwa nzuri kuliko ya wizara, na mara nyingi ndo inakuwa nzuri.

Namba zina tabia zake

Namba ya uongo mtupu ni nadra. Inayosumbua ni namba ya kweli iliyokatwa mguu. Mfano mzuri ni lile basi jekundu la kampeni ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016, liliandikwa kwamba wanapeleka huko kwenye Umoja pauni milioni 350 kila wiki. Haikutoka hewani, ilitokana na mchango kabla ya punguzo ambalo Uingereza walikuwa wanapewa. Lile punguzo lilikatwa kabla pesa haijatoka, kwa hiyo kilichokuwa kinaenda kweli ni kama milioni 250, na hapo hujahesabu zile zilizokuwa zinarudi kwa wakulima na mikoa. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ikasema wazi inapotosha. Swali la kujifunza hapo ni moja, hii namba ni kabla ya kutoa nini?

Swali la pili, ni mara ngapi ya ngapi? Mwaka 1995 hukohuko Uingereza ilitangazwa kwamba vidonge fulani vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili. Wanawake wengi wakaingiwa hofu wakaacha vidonge, mimba zisizopangwa zikaongezeka. Kweli ilikuwa mara mbili, kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 mpaka 2 kati ya 7,000. Sentensi zote mbili ni kweli na moja inakufanya utupe vidonge chooni, nyingine unaenda kuongea na daktari wako kwa utulivu. Ukiona "mara mbili" au "asilimia mia" bila kuambiwa ilikuwa ngapi mwanzo, itafute hiyo ya mwanzo.

Mengine kwa haraka: asilimia kutoka 10 mpaka 15 imepanda pointi 5 ila imeongezeka kwa nusu, zote sawa, mwanasiasa atachagua inayompendeza. Pesa za miaka ishirini iliyopita bila kuzingatia mfumuko wa bei hazilinganishiki na za leo. Nchi kubwa itakuwa na zaidi ya kila kitu kwa hiyo gawanya kwa idadi ya watu. Na angalia mwaka wa kuanzia, mtu anayetaka kuonyesha kupanda anaanzia kwenye shimo, anayetaka kuonyesha kushuka anaanzia kilele. Chora mstari wa miaka yote, dakika kumi tu, utaona kila kitu.

Picha

Sasa hapa ndo watu wote wanataka kuja. Mbinu ya msingi ni kutafuta kwa picha badala ya maneno. Google Lens, Yandex na TinEye, tumia zote tatu maana hazioni vitu sawa, na TinEye ina faida kwamba unaweza kupanga matokeo uanze na ya zamani zaidi. Ikikosekana ikate, bakiza jengo tu au uso tu, alafu igeuze kushoto kulia maana wazushi wanaigeuza makusudi.

Yule papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko mnamkumbuka? Alizunguka kwenye kimbunga Irene 2011, akarudi kwenye kimbunga Harvey cha Texas 2017, na amerudi tena na tena mji mpya kila safari. Papa mwenyewe ni wa kweli, alipigwa picha baharini akimfuata mtu kwenye mtumbwi mdogo, wakamkata wakambandika kwenye maji ya barabarani. Hiyo ni rahisi, unaipata kwa sekunde.

Ngumu ni zile za kweli zilizohamishwa mahali au wakati. Na hapa niseme la kwangu. Niliwahi kupata picha ya mafuriko inayodaiwa ni ya wiki ile, nikatafuta, ikatokea kwenye ukurasa wa habari wa miaka miwili nyuma. Nikaandika haraka, picha ni ya zamani, nikampelekea mhariri. Akaniuliza swali moja tu, umeufungua huo ukurasa? Sikuwa nimeufungua, nilisoma tarehe kwenye matokeo ya utafutaji. Kuja kufungua, habari ni ya miaka miwili nyuma kweli lakini ile picha iko pembeni kwenye kisanduku cha habari mpya, kile kinachojibadilisha kila siku. Picha ilikuwa ya wiki ileile. Nilibakiza kama robo saa niwaambie watu kwamba mafuriko yao ni ya uongo wakiwa bado juu ya mapaa. Tangu siku hiyo sikubali tarehe mpaka nione picha ndani ya habari yenyewe, na ikiwezekana nakala iliyohifadhiwa ya siku ile.

Usitegemee sana taarifa zilizojificha ndani ya faili, za kamera na saa na mahali, WhatsApp na mitandao mingi inazifuta picha ikipita. Tegemea macho. Mabango yameandikwa lugha gani, magari yana namba za wapi, yanapita upande upi wa barabara, majani ni ya masika au kiangazi, vivuli vimelala upande gani. Kuna tovuti ya SunCalc unaweka mahali na tarehe inakuonyesha jua lingekuwa wapi saa ngapi, kivuli cha nguzo kikikataa basi saa iliyotajwa sio.

Video

Ile ile, ila unaikata vipande. Programu ndogo ya InVID-WeVerify inawekwa kwenye kivinjari, unaipa linki inakutolea picha mgando kadhaa, unazitafuta moja moja. Fremu ya kwanza ndo mara nyingi inapatikana.

Ukitaka kuona kazi hii inafika wapi ikifanywa kwa subira, angalia ile video ya Julai 2018 iliyoonyesha wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wadogo wawili. Serikali ya Cameroon mwanzoni ilisema ni habari za uongo. Timu ya BBC Africa Eye ikashika ule mstari wa milima unaoonekana nyuma kwa sekunde chache, ikaulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakapata umbo linalolingana karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa Cameroon. Mahali pameshapatikana, bado lini. Wakaangalia majengo yanayoonekana kwenye video, lipi lipo kwenye picha za setilaiti za tarehe ipi na lipi halipo, njia ya miguu inayoonekana kiangazi tu, alafu vivuli vya wanajeshi wenyewe wakitembea, wakabana mpaka kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne miaka 10 jela. Angalieni kwamba hakuna kifaa cha siri hapo, ni milima, nyumba, njia na jua, kila kimoja kinapunguza uwezekano mpaka unabaki na kijidirisha kidogo.

Sauti na vya kutengenezwa na mashine

Ile picha ya Papa Francis kavaa koti jeupe nene lililotuna, Machi 2023, ilitengenezwa na Midjourney, programu ya akili bandia ya kutengeneza picha, na watu wazima wenye akili zao waliiamini. Watu wanataka niwape chombo cha kubonyeza kikuambie ni akili bandia au sio. Vipo, vinakosea pande zote mbili, vitumie kama tetesi tu. Vidole sita, lile kosa la mashine kuchora mikono vibaya, navyo vinaisha, mashine zinajifunza. Kinachobaki na nguvu ni swali la zamani, nani aliiweka kwanza na kuna nani mwingine aliyekuwa pale? Papa akitoka hadharani kuna wapigapicha mia, haiwezekani picha ikawa moja ya upande mmoja.

Sauti ni ngumu zaidi kwa sababu hakuna pa kuitafuta kama picha. Slovakia 2023 ilisambazwa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama eti anapanga kuiba kura, siku mbili kabla ya uchaguzi, kipindi ambacho kampeni zimefungwa na vyombo vinatakiwa vikae kimya. Muda wenyewe ulikuwa dalili. Kwenye sauti tafuta ilitoka akaunti gani kwanza, kuna rekodi ndefu zaidi, wote wanaosikika wanasemaje, na mpelekee mtaalamu wa sauti, sio mmoja.

Nukuu

Tafuta hotuba nzima, video nzima, au kumbukumbu rasmi za bunge, sikiliza dakika mbili kabla na dakika mbili baada. Neno "wanasema" likikatwa mbele ya sentensi mtu anageuka kuwa kasema yeye. Zile kadi za picha zenye nembo ya chombo cha habari, nenda kwenye akaunti halisi ya chombo hicho uangalie kama ipo, alafu wapigie. Nukuu za marehemu maarufu usiziamini kirahisi: ule msemo kwamba uongo unazunguka nusu ya dunia ukweli ukiwa bado unavaa viatu anapewa mwandishi wa Marekani Mark Twain kila mahali, alikufa 1910 na hakuna andiko lake lenye maneno hayo, huku mwandishi wa Ireland Jonathan Swift akiwa ameshaandika wazo la kufanana nalo 1710.

Mtaalamu ni wa eneo lake tu

Daktari wa meno sio mtaalamu wa chanjo, profesa wa uchumi wa kilimo sio lazima ajue deni la taifa. Uliza kachapisha nini kwenye jambo hilihili, na nani anamlipa. Nenda naye ukiwa na swali lako lile la sentensi moja, usiende kumuomba aseme dai ni la uongo, na umuulize ni nani mwenzake asiyekubaliana naye, alafu mpigie na huyo.

Hukumu

Kila timu ina majina yake, kweli, kweli kwa sehemu, inapotosha, uongo, haijathibitika. Hilo la mwisho waandishi wanalionea aibu, wanahisi wameshindwa. Kukosa ushahidi kwamba kitu kimetokea na kuwa na ushahidi kwamba hakikutokea ni vitu viwili tofauti sana, na ukivichanganya siku moja ushahidi utajitokeza na utaaibika wewe sio mwanasiasa. Rudi kwenye ile karatasi uliyoandika kabla ya kuona data, soma ulichojiwekea, hukumu kwa hicho. Alafu mpe mtu mwingine asiyekuwepo kwenye kazi aipitie kuanzia linki ya kwanza, na kazi yake iwe kukubomoa.

Kuandika

Anza na ukweli, sio na uzushi. Kichwa kisirudie uongo kwa herufi kubwa maana wengi wanasoma kichwa tu. Sema kilicho kweli, alafu dai lilikuwa nini na nani kalisema lini, alafu ushahidi, malizia kwa kurudia ukweli. Skrinshoti ya uzushi iwekee alama kubwa ya X katikati yake ili mtu asije akaikata akaitumia upya, na linki weka ya nakala uliyohifadhi, usimpelekee mzushi wasomaji. Weka kila chanzo wazi ili msomaji mwenye muda aweze kupita njia ileile uliyopita akafika pale ulipofika au akakukamata njiani.

Atakukamata siku moja. Ikitokea usifute kimyakimya na usibadilishe sentensi usiku watu wamelala. Acha andiko pale pale, juu kabisa andika tarehe, tulisema hivi, ilikuwa makosa, sahihi ni hivi, na kama hukumu imebadilika kutoka uongo kwenda kweli basi itangaze kwenye akaunti zilezile ulizotangazia mwanzo, na yule uliyemkagua mtumie linki wewe mwenyewe kabla hajaiona kwa watu.